MAREHEMU YUPO MLANGONI

Sehemu ya Saba

Ninyi mlioninunia wiki nzima kwa kumwacha mzee wa watu mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, haya, tuuingize na ule wa pili.

Mzee Fidelis Mkude aliingia ukumbini. Koti lake lilikuwa na vipande vya majani ya kabichi, viatu vina vumbi la Dumila, na kwapani alibana tarumbeta lake, lile lile analolitumia siku hizi kuitia wateja wa kabichi barabarani. Mbele yake lilining'inia bango refu kama trela: TAMASHA LA KUMUENZI MAREHEMU FIDELIS MKUDE, SAUTI YA ULUGURU.

Chini ya bango ilisimamishwa picha kubwa iliyozungushiwa maua. Mzee aliisogelea, akavaa miwani, akaitazama vizuri.

"Mbona huyu ni Abdulatif?" alisema.

Abdulatif alikuwa mpiga ngoma wa bendi yao ya Bondwa Jazz, na yeye kweli alifariki, Mungu amrehemu. Kwa hiyo siku ile ukumbini kulikuwa na maiti asiyetajwa ukutani, na mzima aliyekwisha kuzikwa amesimama chini yake na kabichi begani.

Kwa wewe uliyenunua gazeti hili ufungie maandazi ukaamua kusoma kwanza, nikudokeze mzee huyu aliuawa vipi. Aliuawa na rafiki yake.

Mzee Sufiani, kiongozi wa zamani wa Bondwa Jazz, alihojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza, "Na yule aliyepuliza tarumbeta kwenye wimbo wa Editha, yuko wapi siku hizi?" Sufiani ni mtu wa kujibu alichoulizwa na hapo hapo akanyamaza. Akasema: "Fidelis alitutoka zamani. Alienda juu. Sasa hivi amepumzika."

Mtu yeyote wa Morogoro anajua juu ni wapi. Juu ni milimani, kwenye njegere na kabichi na baridi ya Mgeta. Watu wanashuka mjini asubuhi, jioni wanapanda juu, wala hakuna anayewalilia. Lakini mtangazaji alikuwa mgeni, hata mwezi hajamaliza mjini. Alishusha pumzi ndefu, akawaomba wasikilizaji wote wasimame kimya popote walipo. Kesho yake kamati ikaundwa.

Na kamati zetu mnazijua. Kamati ya maombolezo haihitaji mtu awe amekufa. Inahitaji kikao cha kwanza tu, basi.

Mama mmoja nadhifu, mwenye kitambulisho kifuani na simu mbili mkononi, alimjia mzee mbio mbio. Huyo alikuwa Modesta, mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu sana. Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Ndiye mimi marehemu."

"Pole sana kwa msiba," Modesta alisema, akamshika mkono. "Ndugu wanakaa mstari wa tatu."

"Hujanielewa, mama. Mimi ndiye Fidelis Mkude. Mzima kabisa. Nimetangaziwa kifo changu Dumila kwenye redio ya mama ntilie, nimeacha wali wangu mezani, nimekuja."

Modesta alimtazama juu mpaka chini. Akaitazama picha ya Abdulatif. Akaitazama ratiba yake.

"Mzee wangu," alisema kwa upole wa mtu mwenye haraka, "kwenye ratiba hiyo haipo."

Nyuma yake alijitokeza kijana wa makamo, suti ya buluu, tai nyekundu, manukato yanatangulia. Oscar. Mtoto wa dada yake Fidelis, yule aliyemlea mwenyewe kule Mgeta, akamfundisha kupanda vitunguu na akashindwa kumfundisha tarumbeta.

"Mjomba!" Oscar alinong'ona, macho yamemtoka. "Mbona umeshuka leo?"

"Wewe ulijua kwamba sijafa?"

"Nilijua, mjomba. Lakini walinipigia simu wakiwa tayari wana huzuni. Ningewaambiaje?"

"Ungewaambia nipo!"

"Si ungesubiri tumalize? Ukiwa hai sasa hivi, tunaonekana waongo watu wengi."

Hapo mzee akapewa habari kamili. Mnajua mila ya Waluguru: mtoto wa dada ndiye anayerithi jina la mjomba. Mchana ule, mbele ya mgeni rasmi na kamera, Oscar angekabidhiwa jina. Kuanzia hapo Fidelis Mkude angekuwa yeye. Na wimbo wa Editha, uliosafishwa upya kwa kompyuta, ungetoka ukiwa na jina hilo na sura hiyo yenye tai nyekundu, ingawa Oscar hajawahi kupuliza hata filimbi ya mgambo.

Mzee Fidelis hakuwa mtu wa makuu. Ukumbi wangebaki nao, maua wangebaki nayo. Lakini jina lile lilikuwa kitu pekee alichobakiza kutoka ujanani, na wimbo ule ulikuwa mahali pekee duniani ambapo jina lile lilikaa. Alijisikia kulia, na hakuona aibu kujisikia hivyo.

Ndipo alipomwona Yustina.

Mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, kanga nyeusi begani, soda mkononi. Wasomaji wa zamani mnakumbuka alivyofika pale. Kamati ilimpelekea gari mpaka Mgeta. Aliwaambia, "Mume wangu yupo, kapeleka kabichi Dumila." Wakamkumbatia, wakasema, "Yupo, mama. Yupo mioyoni mwetu." Wakampakia. Yustina naye hakuwa amepanda gari lenye kiyoyozi tangu azaliwe, akaona ngoja akaone mwisho wake.

Mzee alimwendea.

"Yustina, waambie!"

"Nimewaambia mpaka mate yamenikauka," alijibu, anacheka chini chini. "Tulia. Kwenye ratiba kuna neno la mjane. Nikishika kipaza sauti nitakufufua mbele za watu wote."

Mzee akapumua. Shahidi alikuwa naye. Hata hivyo, neno la mjane lilipangwa kabla tu ya makabidhiano, na kabla yake kulikuwa na hotuba.

Alianza mtaalamu wa utamaduni mwenye ndevu za kuchongwa. Alizungumzia ule ukimya maarufu ulio katikati ya wimbo wa Editha, pale tarumbeta linapokatika ghafla, halafu linarudi kwa majonzi. "Ule, ndugu zangu, ni ukimya wa ukombozi," alisema. "Marehemu alinyamaza ili bara zima lisikike!" Ukumbi ukapiga makofi. Fidelis akainamisha kichwa, maana alijua alinyamaza kwa nini, na bara halikuhusika.

Kisha akasimamishwa Mzee Sufiani, anashikwa mkono kwa sababu ya macho, mtoto wa jicho kayafunika yote mawili. Tangu asubuhi alikuwa anauliza, "Fidelis mwenyewe kafika?" na kila mtu anamwambia, "Yuko nasi kiroho, mzee." Alipopewa kipaza sauti alisema wazi: "Nyie, Fidelis hajafa! Mimi nilisema kaenda juu, Mgeta!"

Modesta alimpokonya kipaza sauti kwa heshima zote. "Mmemsikia mzee wetu, jinsi alivyompenda mwenzake," aliuambia ukumbi, akajifuta machozi. "Mpaka leo hajakubali."

Mzee Fidelis hakuweza kusubiri tena. Alipanda jukwaani.

Walinzi wakasogea. Modesta, asiyetaka fujo mbele ya mgeni rasmi, akapata akili ya haraka. Kwenye ratiba kulikuwa na shindano la vijana kumuiga marehemu. Akamwingiza humo.

"Mshiriki wetu wa mwisho, ni mzee kidogo, lakini tumpe moyo!"

Jaji wa shindano alikuwa Geofrey, prodyuza aliyeusafisha wimbo. Kijana wa kofia iliyogeuzwa, spika za masikio shingoni, mpole wa tabia.

"Shikamoo, mzee. Nipe tu kile kipande cha Editha. Freshi?"

Fidelis alilamba midomo, akainua tarumbeta. Akapuliza.

Lo! Soda ya Yustina ilitikisika. Mtoto mmoja nyuma aliangua kilio. Mgeni rasmi, aliyekuwa amesinzia kidogo kwa ajili ya taifa, aliamka akipiga saluti. Mzee alikata nusu ya kwanza yote bila kukosea, na kabla hajafika kwenye ukimya, Geofrey akainua mkono.

"Mzee, unajua kupuliza, sikatai. Ila hii siyo sauti ya Mkude."

"Siyo?"

"Siyo. Mkude anasikika kwa mbali, unanipata? Kama yuko ng'ambo ya kilima, anakuita halafu hataki uje. Ile ndiyo Mkude. Wewe unapuliza kama unauza kitu."

"Nauza kabichi," mzee alikiri.

Ukumbi ukacheka. Lakini ndani yake mzee kitu kilikatika. Unajua, mpuliza tarumbeta hajisikii kama watu wanavyomsikia. Yeye yuko nyuma ya chombo, sauti inatoka mbele, inaenda zake. Siku waliporekodi ilikuwa mara moja tu, watu wote chumba kimoja, kipaza sauti kimoja, aliyekosea kakosea na wote, na kosa linakaa humo milele. Santuri ilipotoka hakuwahi hata kuwa na chombo cha kuipigia. Alijijua kwa kumbukumbu ya midomo yake tu. Sasa kijana aliyemsikiliza kwenye kompyuta miezi na miezi anasema siyo yeye.

Na kama kweli siyo mimi? aliwaza. Kama yule wa kwenye santuri alishakufa, na mimi nimebaki wa kabichi tu?

Katika ule mnong'ono wa watu, Mzee Sufiani akainuka kitini, mikono yake inapapasa hewa, uso umemwaka.

"Mtoeni nje!" alipiga kelele. "Huyo mtoeni nje! Mtoeni nje haraka!"

Tangu asubuhi mzee yule alikuwa amesema ukweli mtupu, hakuna aliyemsikiliza. Neno hili moja likasikilizwa mara moja. Walinzi wawili walimdaka Fidelis huku na huku, wakamshusha jukwaani, wakampitisha katikati ya viti, miguu yake inagusa sakafu kwa zamu. Oscar akatazama viatu vyake.

"Hata wewe, Sufiani?" mzee aliita. "Hata wewe!"

Wakambwaga nje ya mlango, kwenye korido ya saruji. Milima ya Uluguru ilikuwa pale juu, imejifunika ukungu, kama vile nayo haitaki kutoa ushahidi. Ndani aliendelea kusikia sauti ya Sufiani: "Mlango msifunge! Acheni wazi! Fidelis, piga!"

Mzee akasimama katikati ya korido.

Korido. Mlango wazi. Mtoeni nje.

Mungu wangu. Yalikuwa maneno yale yale! Mwaka wa sabini na nane, Dar es Salaam, fundi mitambo alivua spika za masikioni akasema, "Hilo tarumbeta linameza wenzake wote. Mtoeni nje." Wakamtoa. Wimbo wote wa Editha aliupulizia koridoni, mlango wazi, Sufiani anamwonyesha kwa mkono wakati wa kuingia. Ule umbali ambao Geofrey ameutafuta kwa kompyuta mpaka macho yamemwuma ulikuwa umbali wa kweli. Alikuwa mbali kwa sababu alifukuzwa.

Hakufikiri mara mbili. Aliugeukia ukuta kama siku ile, akapuliza.

Sauti ikagonga saruji, ikarudi, ikaingia ukumbini kwa mlango. Kelele zikafa mstari kwa mstari. Geofrey akavua kofia. Mama mmoja aliyekuwa anagawa chakula akabaki na upawa hewani. Sufiani alikuwa analia waziwazi, mkono wake wa kulia unahesabu mapigo, kama zamani.

Nusu ya kwanza ikaisha. Ukafika ule ukimya.

Sasa nikwambie siri ya ukimya ule, msomaji, na usimwambie mtaalamu wa ndevu. Siku ya kurekodi, katikati ya kupuliza, Editha alipita koridoni. Editha mwenyewe, mchapaji taipu wa ofisi ya jirani, ambaye Fidelis aliutunga wimbo kwa ajili yake. Akatoa tarumbeta mdomoni, akamnong'oneza: "Editha, nisubiri hapo, namaliza sasa hivi." Kisha akarudi kupuliza. Watu husema nusu ya pili inalia. Ililia kwa sababu alikuwa anamwona Editha anateremka ngazi, na alipomaliza wimbo korido ilikuwa tupu.

Hakumwona tena. Hakuna kilichotokea. Ila kasheshe ni kwamba wakati ule alikuwa ameshafunga ndoa kanisani Mgeta, mwaka mmoja kabla. Na kila Yustina alipouliza Editha ni nani, alijibiwa ni bibi yake Sufiani, na wimbo kautunga Sufiani. Yustina ana akina Editha watatu kwenye jumuiya yake, hakuona ajabu. Hakuwahi kujiuliza bibi wa Sufiani, kwenye ukoo ule wa mashehe wa Ngerengere, alibatizwa lini.

Na hapa ndipo penye mtego. Tangu siku ile mzee hakuwahi kuujua ukimya ule kwa kuhesabu. Anaujua kwa yale maneno. Kila anapofika pale huyasema, ukimya unatosha kamili, anaendelea. Kule Mgeta huyasema katikati ya kabichi, nani amsikie? Asiposema, ataingia mapema au atachelewa, na Geofrey atasema siyo yeye, na jina linaondoka na tai nyekundu.

Alitazama ndani. Yustina alikuwa mbali, mstari wa mbele. Yeye yuko nje. Atanong'ona tu.

Alinong'ona.

Lakini pale pale mlangoni walikuwa wameacha kipaza sauti cha kutangazia majina ya wageni, na hakuna mtu aliyekizima.

"EDITHA, NISUBIRI HAPO, NAMALIZA SASA HIVI," spika zote za ukumbi zilisema.

Mzee aliganda. Midomo yake tu ndiyo haikuganda, ikaanza nusu ya pili yenyewe, kwa mazoea, mahali penyewe hasa. Na safari hii ililia kuliko santuri.

Alipomaliza, Geofrey alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Ni yeye!" alipiga yowe. "Jamani, ni yeye mwenyewe! Kwenye ule ukimya kuna maneno! Nimeyasikia kwenye kompyuta, nikajua ni kelele, nikayafuta. Hakuna mtu mwingine anayeyajua duniani. Ni hayo hayo! Mkude yupo hai!"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, viti vinaanguka, watu wanakimbilia mlangoni kumgusa. Mtaalamu wa ndevu alikuwa anapangusa jasho, akijaribu kuingiza neno Editha kwenye ukombozi wa bara. Mgeni rasmi aliuliza kama hotuba yake bado inafaa, akaambiwa abadilishe wakati uliopita uwe uliopo. Tai ya Oscar ilikuwa imelegea hadi tumboni.

Modesta peke yake ndiye aliyeshika ratiba.

"Ndugu wageni, tulieni! Hatuwezi kumfufua mtu kwa tarumbeta tu. Tunaye mjane. Mama Yustina, kwa mujibu wa ratiba ni zamu yako. Mwangalie huyu mzee mlangoni. Unamtambua?"

Yustina alisimama taratibu. Aliweka soda chini. Hakucheka tena, na hakutazama mlangoni. Alimgeukia Sufiani.

"Shemeji."

"Naam, shemeji yangu."

"Bibi yako mzaa baba alikuwa anaitwa nani?"

Kule mlangoni Fidelis alianza kukohoa, kupunga mikono, kutikisa tarumbeta. Alikuwa anamfanyia ishara zote hizo mtu asiyeona.

"Bibi yangu?" Sufiani alitabasamu kwa fahari. "Mwanaidi binti Salehe, Mungu amrehemu."

"Na mzaa mama?"

"Zuhura. Kwani vipi?"

"Hakuna, shemeji. Asante."

Yustina alijifunga upya ile kanga nyeusi, akaikaza vizuri, akakileta kipaza sauti mdomoni. Ukumbi ukanyamaza, na ukimya ule haukuwa na ukombozi ndani yake.

"Ndugu mgeni rasmi," alisema, "mimi ni mjane. Mume wangu Fidelis alinitoka mwaka wa sabini na nane, pale mlangoni mwa chumba cha kurekodia. Endeleeni na ratiba."

Oscar aliikaza tai yake, akaanza kupanda ngazi za jukwaa.